Alteneta ya Marehemu

Wiki iliyopita tulimwacha Fundi Mita mlangoni mwa gereji yake, spana mkononi, akitazama gari la maiti likikata roho mbele ya lango. Ndani ya gari hilo alikuwamo kaka yake.

Kwa aliyelikosa gazeti lile, habari ni fupi. Kaka mtu, aliyejulikana mji mzima kwa jina la Bingwa, ndiye aliyemfundisha dada yake kazi ya umeme wa magari. Miaka kumi na moja iliyopita gari la daktari mmoja liliungua ndani ya gereji ya Bingwa. Bingwa akasema nyaya zilifungwa na dada yake. Dada akasema si yeye. Hawakusemezana tena. Bingwa alimfukuza mbele ya wateja, akaapa kwamba mwanamke yule hatagusa gari lake, hata akifa.

Jumanne akafa. Alhamisi asubuhi, siku ya mazishi, wifi mtu, yaani mjane wa marehemu, akamtumia Fundi Mita ujumbe: asifike nyumbani, asifike makaburini. Fundi Mita akavaa ovaroli, akaenda kazini. Mtu aliyekatazwa kulia lazima aipe mikono yake shughuli.

Hakwenda msibani. Msiba ukaja kwake, ukazima injini.

Dereva wa gari lile alikuwa mtoto wa marehemu, mwanamume wa miaka ishirini na minane ambaye tangu baba yake alazwe alijipa cheo, akawa Meneja wa gereji. Meneja alizungusha ufunguo. Gari likatoa mlio mmoja mdogo, kama mtu anayefyonya kwa dharau. Akazungusha tena. Safari hii halikujisumbua hata kufyonya.

"Betri," alisema Meneja.

"Betri umeinunua jana," alisema mama yake, aliyekaa kando yake.

"Hata mpya hufa, mama."

Kauli hiyo, ndani ya gari lile, haikumfariji mtu.

Mjane alibonyeza kitufe cha kioo. Kioo hakikushuka, maana nacho kinakula umeme. Akafungua mlango, akaliona bango la gereji, akamwona mwenye bango. Akafunga mlango.

"Sukumeni," aliwaambia waliokuwa nyuma.

"Tulisukume mpaka wapi, mama?"

"Mpaka popote pasipo hapa."

Waombolezaji sita waliokuwa kwenye magari madogo mawili wakashuka, wakavua makoti, wakasukuma. Lakini barabara ile ina mwinuko. Gari lilipanda hatua kumi, mashati yakalowa, mmoja akateleza kwa kiatu kipya, wengine wakalegea. Likaanza kurudi kinyumenyume, polepole, kwa heshima zote za mazishi. Likapita lango, likaingia uani kwa Fundi Mita, likasimama chini ya bati mahali palepale wanapoegesha wateja.

Fundi Mita alikuwa amesogea kando kulipisha gari.

Akajitokeza Katibu wa kamati ya mazishi, bwana mwembamba mwenye karatasi ya ratiba. Alitazama saa.

"Sasa ni saa tisa kasorobo. Makaburi yanafungwa saa kumi na moja. Basi la waombolezaji limeshatangulia, watu wako kule wamesimama juani. Jamani, tufanyeje?"

"Tumhamishie kwenye gari jingine," alisema mmoja.

Wote wakayatazama yale magari mawili madogo. Wakalitazama jeneza.

"Labda akae," alinong'ona mwingine, akakanyagwa mguu.

"Hahamishwi," alisema mjane. Sasa alikuwa ameshuka, mrefu, mweusi tii kwa mavazi ya msiba. "Marehemu aliagiza apelekwe na gari lake mwenyewe. Gari ambalo halijawahi kuzimika njiani."

Hakuna aliyeona vyema kumsahihisha.

"Basi fundi huyu hapa," alisema Katibu.

"Na aliagiza pia kwamba huyo asiliguse."

Katibu alikunja ratiba yake mara mbili, akaitia mfukoni. "Mama, maagizo hayo mawili hayawezi kupanda gari moja. Chagua moja, lingine tutamwomba radhi."

Mjane alilitazama gari. Watu walidhani anamkumbuka mumewe. Kumbe alikuwa akimwangalia mwanawe.

"Aangalie," alisema hatimaye. "Asiguse."

"Mimi naangalia kwa mita, wifi," alisema Fundi Mita. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa miaka kumi na moja. "Na mita isipogusa haioni."

Mjane akageuka, akatazama ukuta. Kwa jinsi alivyo, hiyo ilikuwa ruhusa.

Boneti ikafunguliwa. Jina la Fundi Mita halikutoka mbali: mafundi wengine husikiliza mlio wa injini na kutabiri, yeye hatamki ugonjwa kabla ya kupima. Alitia ncha nyekundu na ncha nyeusi za mita yake kwenye vichwa vya betri. Akasoma.

"Volti kumi na nukta nane. Betri yako haina kitu."

Meneja akawageukia waombolezaji. "Si nilisema?"

"Wewe umesema ni mbovu. Mimi nimesema haina kitu. Mwenye njaa si lazima awe mgonjwa. Huenda hakupikiwa."

"Nani ampikie?"

"Alteneta. Betri ni tumbo tu, alteneta ndiyo jiko. Gari likitembea, alteneta inazunguka, inapika umeme, betri inakula. Jiko likizimika, tumbo linakula akiba mpaka akiba iishe. Ikiisha, mnasukuma."

Alileta betri yake mwenyewe na nyaya nene mbili za kuazimana umeme, akaunganisha. Injini ikawaka. Watu wawili walianza kuvaa makoti.

"Subirini," alisema Fundi Mita. Alichomoa nyaya zake, akapima tena injini ikinguruma. "Hapa nilitaka kuona kumi na nne. Naona kumi na moja na nusu, na inashuka. Twende hivi, tutalala barabara ya pili."

Akachungulia dashibodi. Taa nyekundu yenye picha ya betri ilikuwa imewaka, ndogo, isiyo na makuu.

"Hii imewaka tangu lini?"

"Tangu tutoke mochwari," alisema Meneja.

"Ukafanyaje?"

"Nikadhani inatuarifu kwamba betri ni mpya."

"Na hizi taa kubwa za mbele umeziwasha mchana kweupe njia nzima?"

"Ni kumheshimu marehemu."

"Heshima hiyo ndiyo iliyomaliza betri."

Meneja alitunisha kifua. Mtu anaweza kuvumilia kusahihishwa mbele ya wafanyakazi wake, lakini si mbele ya jeneza la baba yake. "Sikiliza. Alteneta hii marehemu aliitengeneza mwenyewe mwaka jana, kwa mikono yake. Alteneta za Bingwa hazifi. Uliza mtu yeyote. Hata leo kwenye ibada imesemwa."

Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Kweli ilisemwa, tena mara mbili.

Fundi Mita hakubishana. Alizima injini, akaubonyeza mkanda wa alteneta kwa kidole gumba: umekaza, hauna ufa. Akashika nyaya zilizo mgongoni mwa alteneta: zimekaza. Akafungua kiboksi cha fyuzi, na hapo mkono wake ukatulia. Kila kitu ndani ya boneti ile kilikuwa na vumbi la mafuta la miaka. Fyuzi kubwa peke yake iling'aa kama jino la dhahabu.

"Hii umeiweka lini?"

"Leo asubuhi."

"Ya zamani ilikuwa na nini?"

"Iliungua."

"Iliungua ulipokuwa unafunga betri mpya."

Fundi Mita akainama zaidi, akawa karibu na sikio lake, wengine wasisikie. "Ulianza na waya upi?"

Meneja aliangalia viatu vyake. Cheo kilimtoka usoni kidogo kidogo, akabaki mtoto wa kaka.

"Nilikuwa nalia, shangazi," alinong'ona. "Niligeuza. Chanya kwenye hasi. Sekunde moja tu, cheche moja. Nikarudisha upesi, nikabadilisha fyuzi, gari likawaka. Nikajua yameisha."

"Sekunde moja inatosha. Ndani ya alteneta kuna dayodi, vidude vidogo vya kupitisha umeme upande mmoja. Ukigeuza nyaya, vinaungua kabla hujavuta pumzi."

"Utawaambia?"

Fundi Mita aliinuka, akapangusa mikono. "Alteneta imechoka," aliwatangazia waombolezaji. "Hutokea."

Kazi ikaanza. Alichomoa kwanza waya hasi wa betri, na alipouchomoa alimtazama mpwa wake mpaka mpwa akaelewa kwamba hilo ni somo. Akalegeza bolti ya kukazia mkanda, mkanda ukavuliwa. Akachomoa plagi, akafungua nati ya waya mnene, kisha bolti mbili zilizoshikilia alteneta yenyewe. Ya chini ilikuwa imeng'ang'ania. Injini ilikuwa ya moto, akaungua kifundo cha kidole, akaendelea. Nyuma ya viti, mita mbili kutoka alipoinamia, kaka yake alilala akiwa na subira ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani.

Alteneta ikatoka. Akaibeba mpaka mezani, akainusa. Ilinuka kuungua, kama alivyotarajia. Akaigeuza ili aangalie puli, gurudumu lake la mkanda.

Upande wa chini wa alteneta, ndani ya grisi, aliona nukta tatu.

Alipangusa kwa tambara. Nukta tatu ndogo, zimepangwa kama mafiga, zimegongwa kwa msumari wa chuma. Hakuna fundi mwingine mjini aliyegonga nukta hizo. Alizigonga yeye, kwenye kila alteneta aliyoifufua, ili ikirudi aijue.

Alteneta za Bingwa hazifi.

Fundi Mita alishika ukingo wa meza. Kila Alhamisi, kwa miaka minne, alikuwa na mteja mmoja mwenye pikipiki, mtu mzima mpole aliyeitwa Glovu kwa sababu ya glovu nene asizovua hata akinywa maji. Glovu huleta alteneta mbovu ndani ya boksi, mbili au tatu, na kuchukua nzima. Ukimuuliza ni za nani, husema "za bosi", basi. Fundi Mita alikwisha kusikia kwamba macho ya Bingwa yamefifia, kwamba hawezi tena kuona uzi mwembamba wa shaba. Hakuwahi kuunganisha habari hizo mbili. Mtu aliyeunganisha nyaya maisha yake yote alishindwa kuunganisha hizo.

Kumbe bosi ni kaka. Kumbe yule aliyeapa kwamba dada hatagusa gari lake alikuwa akimpelekea magari ya mji mzima, kipande kwa kipande, ndani ya boksi. Kiburi kilimzuia kuja kwa miguu yake, akaja kwa pikipiki ya watu.

"Si ungekuja tu, kaka," alisema kimoyomoyo. "Si ungekuja tu."

Akamsamehe. Alimsamehe yote, miaka kumi na moja kwa mkupuo mmoja, akiwa amesimama mbele ya jiliwa, koleo kubwa la mezani. Kumsamehe maiti ni kazi nyepesi, hana neno la kukuharibia.

"Una nini?" Ilikuwa sauti ya mjane. Alikuwa amesogea bila kusikika.

"Moshi, wifi."

"Hakuna moshi."

Mjane akaangalia mezani. Akaziona zile nukta tatu. Akaondoa macho haraka mno, kama aliyegusa sufuria ya moto, akarudi kusimama kwenye ukuta wake.

Rafuni palikuwa na alteneta moja ya aina ileile. Fundi Mita aliimaliza Jumanne, siku ambayo kaka yake alikuwa akimaliza ya kwake, na alikuwa akimngojea Glovu aje aichukue. Aliiweka kando ya ile iliyoungua, akazilinganisha: puli sawa, plagi sawa, matundu ya bolti sawa. Akaipeleka kwenye gari.

"Njoo ushike mtaimbo," alimwambia Meneja.

Meneja akakunja mikono ya shati lake jeupe, akaja. Hakuwa amewahi kuamriwa na mwanamke huyu tangu akiwa mvulana, na ilionekana hakuwa ameyasahau mazoea.

"Ivute alteneta kwa nje, mkanda ukaze, nami nifunge bolti. Taratibu. Ukikaza mno utaua beringi."

"Nikilegeza?"

"Mkanda utapiga mayowe makaburini kabla ya wafiwa."

Meneja alicheka, akakumbuka alipo, akakohoa. Nusu saa ilipita wakikaza na kupima. Mwisho ukarudi waya hasi. Fundi Mita alimpa mpwa wake spana aufunge yeye. Meneja aliushika ule waya, akautazama, akautazama tena, akauweka mahali pake kama anayemvisha mtoto kofia.

Betri ya Fundi Mita iliazimwa tena, injini ikawaka. Ncha nyekundu, ncha nyeusi.

"Kumi na nne na nukta mbili," alisoma. "Washa taa zote."

Taa zikawaka.

"Kumi na nne kamili. Limepona."

Waombolezaji hawakuwa na hakika kama kwenye mazishi inaruhusiwa kupiga makofi. Mmoja alipiga mara mbili, akaacha, akajifanya anakung'uta vumbi. Katibu alitoa ratiba mfukoni, akainyoosha. "Saa kumi na robo. Mungu ni mwema. Twendeni."

Hapo ndipo pikipiki ilipoingia langoni.

Glovu alisimamisha, akainua kioo cha kofia. "Fundi, za leo. Ile moja iko tayari?" Kisha akaliona jeneza, akaona suti, akavua kofia upesi. Na kwa mara ya kwanza tangu Fundi Mita amjue, akavua glovu.

Fundi Mita alimfuata. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu aliyekwisha kupatana na marehemu wake. "Haitahitajika tena, Glovu. Bosi wako ndiye huyo tunayempeleka. Pole sana."

Glovu alilitazama jeneza, akamtazama fundi.

"Nani, yule mzee?" alisema. "Fundi, yule mzee hajawahi kunituma hata kiberiti."

"Alteneta zote hizi—"

"Alteneta zote hizi natumwa na huyu mama." Akamwonyesha mjane kwa ile glovu aliyoivua. "Shikamoo, mama. Samahani, nilijua kuna msiba, lakini ulisema Alhamisi ni Alhamisi."

Msomaji, ule msamaha mkubwa wa mezani ulikuwa umeshatoka, umepokewa na mtu ambaye hakuuomba, wala hakujua kwamba kuna cha kuomba.

Uani injini iliendelea kunguruma kwa afya njema. Mjane hakukana. Alimpa Glovu ishara ya kichwa aende, naye akaenda bila boksi.

"Macho yake yaliisha miaka minne iliyopita, wifi," alisema mjane. Aliongea chini, huku akinyoosha kitambaa chake cha kichwa ambacho hakikuwa kimekunjika. "Alikuwa anaifungua alteneta, anaipapasa, anaifunga vilevile ilivyokuwa, anasema imepona. Wateja wakaanza kurudi na malalamiko. Ndiyo nikaanza. Alhamisi yeye anakwenda kliniki ya macho, mimi nazitoa rafuni mwake, nampa Glovu azilete huku. Zikirudi nazipanga palepale. Anaifunga kwenye gari, inafanya kazi, anafurahi, anampigia kila mtu simu. Aliamini ni mikono yake."

"Hakujua?"

"Angejua angekufa miaka minne mapema. Tena kwa hasira."

Fundi Mita alielekeza kidevu kwa Meneja. "Na huyu mtoto?"

"Naye hakujua. Alikuwa anajivunia baba yake."

Meneja alikuwa amesimama kando ya boneti, mtaimbo bado mkononi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mafundi wa alteneta mji huu wamejaa," alisema Fundi Mita. "Kwa nini mimi? Na ukinichagua mimi, kwa nini leo ulinikataza nisimzike?"

"Mabibi," alisema Katibu, "saa kumi na dakika ishirini."

Mjane alifungua mlango wa mbele wa gari. "Panda. Kaa kati yangu na mtoto. Nitakujibu njiani."

Fundi Mita alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akasugua mpaka kwenye viwiko. Kisha akavua ovaroli. Chini ya ovaroli alikuwa amevaa gauni jeusi, limepigwa pasi, kola imenyooka. Alilivaa tangu asubuhi, baada ya kusoma ule ujumbe wa kumkataza.

Mjane aliliona gauni lile. Akasogea kando, akampisha apande.

Wakaondoka, watatu mbele, mmoja nyuma, magari mawili madogo yakifuata. Meneja aliendesha wima kama mtu anayefanyiwa mtihani. Mwinuko ulioishinda nguvu ya wanaume sita gari lilipanda kama si kitu.

"Nilikuchagua wewe," alisema mjane akitazama mbele, "kwa sababu gari la daktari hukulichoma wewe."

"Hilo nalijua, wifi."

"Najua unalijua. Ninachokwambia ni kwamba na mimi nalijua. Nimelijua tangu siku ileile, moshi haujatoka nguoni."

Fundi Mita hakugeuka. Miaka kumi na moja alikuwa amejiandalia maneno ya kusema siku atakayoisikia sentensi hiyo. Alikuwa na maneno ya kujaza daftari. Sasa alipoyatafuta, yakaja matatu tu.

"Na ukaniacha nifukuzwe," alisema hatimaye.

"Nikakuacha ufukuzwe. Nikakaa mezani na mume wangu akikutukana, nikampakulia. Ndiyo maana leo nilikukataza. Ningeweza kumzika mume. Kumzika mbele ya uso wako nisingeweza."

"Alikuwa nani, wifi? Nani alifunga zile nyaya?"

Mjane akafumbua kinywa.

Gari likapunguza mwendo. Makaburi yalikwisha kuonekana: ukuta mweupe, lango la chuma, mlinzi aliyesimama na mnyororo mkononi akitazama saa, na nyuma yake umati wa waombolezaji wakijipepea kwa vitabu vya ibada. Gari likazidi kupunguza. Likasogea kando ya barabara, likasimama, injini ikazimika.

Kwa mazoea, jicho la Fundi Mita likakimbilia dashibodi. Mkono wa Meneja ulikuwa kwenye ufunguo. Alikuwa amelizima mwenyewe.

"Inatosha, mama," alisema Meneja.

"Washa gari, mwanangu."

"Leo asubuhi niligeuza nyaya, shangazi akanificha. Hakuniaibisha mbele ya watu, na alikuwa na kila sababu." Alichomoa ufunguo. Vidole vyake vilikuwa bado na grisi. "Na ya gari la daktari nitasema mwenyewe. Ila anayestahili kusikia kwanza si wewe, shangazi, nisamehe. Ni baba. Wakishamfukia nitamwambia nani?"

Akashuka. Walimsikia akipita ubavuni mwa gari, hatua nzito juu ya kokoto. Nyuma, magari madogo yakasimama, na sauti ya Katibu ikauliza kuna nini tena, kama ni betri.

Milango miwili ya nyuma ikafunguliwa, na upepo wa jioni ukaingia mpaka mbele.

"Baba," walimsikia Meneja akianza.

Mjane alikishika kifundo cha mkono cha Fundi Mita. Mkono wake ulikuwa wa baridi, nao ulikaza kuliko spana.

"Wifi, atakachokisema mtoto huyu usikiamini," alinong'ona. "Siku gari lilipoungua yeye alikuwa shuleni. Gerejini tulikuwa wawili tu, mimi na daktari."